Keki Iliyokatwa kwa Maji

Teal Landing, Illinois
Novemba 9, 1974

Mpendwa mdogo wangu Lavonne,

Kwa heshima na taadhima, na kwa kichwa kilichoinama, nawatangazia nyote mlioko huko Spokane kwamba masharubu yangu hayapo tena duniani. Yalifariki Jumapili moja mwishoni mwa Septemba kwenye beseni la kunawia, mikononi mwa wifi yako Maxine, baada ya kuugua supu kwa miaka mingi. Marehemu ameacha mdomo mmoja wa juu, ambao mpaka leo unaona baridi na haujui la kufanya. Maxine anasema nafanana na yai la kuchemsha. Watu wa kanisani walinipa pole, isipokuwa mchungaji, aliyegeuka ukutani akacheka.

Ukiondoa msiba huo, sisi huku hatujambo. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio, bata wameanza kushuka mtoni kutoka kaskazini, na Maxine amesindika nyanya nyingi kiasi kwamba nimeanza kuogopa kushuka chini ya nyumba. Ninyi je, mnaendeleaje? Kifua cha Russell kimepona? Na binti yenu bado anapiga ile tarumbeta, au majirani wameshashinda?

Barua yako niliipata. Niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaiweka nyuma ya redio, na tangu siku hiyo imekaa pale ikinitazama. Unaniuliza jambo moja tu: mkwe wako Mzee Alvah, akili yake ipo au imeondoka? Unasema Russell atakuja baada ya Sikukuu ya Shukrani aiuze ile nyumba ya mtoni pamoja na kibanda anachochongea bata wa mbao, ampeleke baba yake kwenye nyumba ya wazee ya kaunti, kwa sababu mtu anayefungua mashine kwa mkono wake, akaingiza kidole, kisha akaapa kwamba ilikuwa imefungwa, si wa kuachwa peke yake na jiko la gesi. Unasema Russell atafuata neno langu kwa kuwa mimi nilikuwepo.

Nilikuwepo kweli. Lakini niruhusu nianzie mbali. Unanijua, mimi hata nikiulizwa saa ngapi lazima nianze na babu aliyeinunua saa.

Kiwanda chetu unakikumbuka. Tunaviringisha karatasi na gundi mpaka inakuwa mirija minene, migumu kama magogo, halafu tunaikata vipande kwa ajili ya watengeneza viti. Miaka yote tulikata kwa misumeno ya mviringo, na chumba chetu kilijaa vumbi hadi mtu akipiga chafya anatoa boksi. Kelele zile zilitumaliza masikio. Sasa fundi kiziwi atajuaje kama msumeno umesimama? Kwa nyayo. Ukiwa umezimwa lakini meno bado yanazunguka, sakafu inatetemeka. Ikinyamaza chini ya viatu, ndipo unapeleka mkono. Na kama ni mwenzako aliye kwenye swichi, yeye hukuonyesha kiganja kimelala, hivi, kama anayebembeleza kichwa cha mtoto. Maana yake umelala. Katika chumba chetu tulitaniana kwa kila kitu, wake zetu, makanisa yetu, mazishi yetu. Kwa kiganja hakuna aliyetania.

Hata hivyo vidole vilikwenda. Mimi nina vinane, Hobart Klemm ana vinane na nusu, na nusu hiyo anaiita hisa zake za kampuni. Mkwe wako peke yake alikuwa na vyote, baada ya miaka thelathini na kitu. Tulimwita Kumi. Alikuwa anakuja asubuhi na chupa yake ya kahawa, na Hobart anamwambia, "Kumi, nikopeshe kimoja nichokonolee pua, nitakirudisha mchana." Yeye anatabasamu, anakanyaga sakafu, anafanya kazi yake. Hakuwa na haraka na hakuwa na maneno. Kila akimaliza kukata, sakafu ikinyamaza, alipangusa mstari kwa kidole gumba kuondoa vumbi na kusikiliza mkato kwa ngozi. Sote tulipangusa hivyo. Ni kama kufuta mdomo baada ya kula, hujui hata kama umefanya.

Miaka miwili iliyopita ikaja mashine ya maji. Tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipata, na kuna watu walikuja na magari kutoka mbali kuitazama. Aliileta fundi mmoja mwembamba aitwaye Sorley, mwenye tai, na siku ya kwanza alitueleza kwamba maji yatakata karatasi ngumu bila vumbi wala meno. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hobart alimuuliza kama mwakani atatuletea ya maziwa. Sorley hakukasirika. Alituonyesha pampu, kubwa kama jeneza la mtu mnene, halafu akatuonyesha kijiwe cha yakuti kisichozidi punje ya mtama, kina tundu ambalo hata unywele unaingia kwa shida. Maji yote yale yanasukumwa yapite hapo. Akafungua valvu, ukatoka uzi mmoja wa maji, na kama dirisha halikuwa nyuma yako usingeuona. Akapitisha mrija chini yake. Mrija ukaachana.

Basi tukaanza kumletea vitu. Nilimletea kiatu changu cha zamani, Hobart akaleta bata mzinga aliyeganda, mwingine akaleta kitabu cha simu cha Peoria. Vyote vilikatika. Sorley alisema jambo moja zaidi, na alilisema akiwa amevua miwani. Alisema maji haya yakikugusa utaona kitone tu, hata damu hakuna, na utadhani si kitu. Usidhani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu uchafu umeshaingia ndani na mkono utaoza kutoka ndani. Hobart akamnong'oneza Kumi kwamba huyu bwana anaogopa kuoga.

Misumeno ikaanza kutolewa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ulikuwa wa Alvah. Bwana Pruett, mkubwa wetu, hakuona haja ya kumfundisha mtu wa umri ule mashine mpya. Akampangia kustaafu Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Mimi, kama msimamizi wa chumba, ndiye niliyetakiwa kuandaa sherehe.

Wazo la keki lilikuwa langu, na nililiona zuri sana. Maxine aliioka, ndefu kama ubao wa kufulia, na juu yake akachora msumeno kwa krimu ya bluu, meno yote, mpaka jina la Alvah kwenye mpini. Nikasema tutaikata kwa maji. Tulikusanyika wote saa ya chakula cha mchana, mashine ikapasua ule msumeno wa bluu katikati, taratibu, safi, hakuna chembe iliyoruka. Watu walipiga makofi. Hobart akamshika mzee bega akamwambia, "Ona, Kumi. Miaka yote ile, na kumbe ulihitaji bomba tu." Alvah aliitazama keki. Alitoa kisu chake cha mfukoni, kile cha kuchongea bata, akauliza kama anaweza kukata vipande vilivyobaki mwenyewe. Tukamwambia arudishe chuma chake, zama za chuma zimekwisha, aje hapa kwenye meza aendeshe maji kama mtu wa kisasa. Akaja. Alikuja kwa sababu tulimwita, ndivyo alivyo.

Kinachosemwa kiwandani, na ndicho alichoambiwa Russell kwenye simu, ni kwamba mzee aliinama juu ya keki, akaegemea kishikio cha valvu bila kujua, na kidole gumba chake kikapita chini ya uzi.

Yaliyofuata ni kweli na yalionwa na wote. Aliurudisha mkono akautazama. Palikuwa na kitone chekundu kwenye nyama ya kidole, kama ameumwa na kiroboto. Alisema taratibu kwamba mkono umekuwa mzito. Sasa wewe hujui desturi yetu moja: mtu akilalamika na hakuna damu, anapewa chupa ya mtoto mchanga, ile yenye chuchu, na lazima anywe maziwa yote mbele ya wenzake. Chupa iko kabatini kwangu. Tulimpa. Alisema, "Orrin, nadhani yule bwana alisema hospitali." Nikamwambia Sorley amesharudi kwao, na maziwa yatapoa. Akanywa kwa mkono wa kushoto, chupa nzima, huku sote tukiimba. Kisha akala keki, akatushukuru mmoja mmoja, akaenda nyumbani kwa gari lake akiendesha kwa mkono mmoja.

Jirani alimkuta asubuhi amekaa kibandani kati ya bata zake, mkono umevimba kama wa bondia. Daktari aliondoa kidole gumba na viwili vilivyofuata. Jumatatu Hobart alishampa jina jipya. Sasa anaitwa Saba.

Jumatatu hiyo hiyo mimi na Hobart tulikwenda kumwona hospitalini. Alikuwa amekaa kitandani na bandeji kubwa kama mto wa kulalia. Alimwomba Hobart asogeze kiti, halafu akaniuliza mimi, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia. Alisema, "Orrin, nilikuuliza kama imelala, sivyo? Na wewe ulinionyesha kiganja." Nikamwambia hapana, mzee. Nikamwambia aliegemea kishikio mwenyewe, sote tulimwona, wala asijilaumu, ni umri. Akasema anakiona kile kiganja, anakiona mpaka sasa akifumba macho. Hobart akamwambia akifumba macho hata yeye Hobart humwona malkia wa Uingereza amevaa nguo ya kulalia.

Ndipo mzee aliponitazama vizuri usoni, akakunja uso. Akasema, "Wewe ulikuwa na masharubu. Au na hilo nimelikosea?"

Mimi nilikuwa nimeyanyoa jana yake. Nilifungua mdomo nimweleze. Hobart akawahi, uso mkavu kabisa, akasema, "Masharubu? Orrin? Huyu tangu azaliwe hajawahi kuota hata moja, Mzee. Huyu ni kama kijiko." Na akanigusa goti kwa goti lake chini ya kitanda. Nikacheka, Lavonne. Kilikuwa kichekesho kizuri, kwa wakati wake, na mimi ni mwepesi wa kucheka. Nikapitisha kidole juu ya mdomo wangu mtupu, nikasema ndivyo nilivyoumbwa.

Hakucheka. Alipeleka mkono wake mzima kwenye mdomo wake mwenyewe wa juu, akaugusa pale ambapo masharubu yangekuwa, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo. Halafu akatikisa kichwa akikubali. Akasema basi huenda ni kweli, huenda ameanza kuondoka kama alivyoondoka mama yake. Kabla hatujatoka alimwomba muuguzi ampigie Russell simu, amwambie mwanawe kwamba ile habari ya nyumba ya wazee, ambayo Russell alishamtajia mara moja akakataa, sasa ameikubali.

Tukiwa kwenye ngazi Hobart alisema hakujua mzee angeichukulia hivyo. Nikamwambia arudi akamweleze. Akaniambia, "Rudi wewe, masharubu ni yako." Tulishuka tukaenda kula nyama ya kusaga.

Sasa nakujibu ulichouliza.

Kishikio cha valvu kiko nyuma ya kabati la pampu. Mtu aliyesimama mbele ya meza hawezi kukiegemea hata awe na mkono wa sokwe. Russell akija kiwandani atasimama pale na ataona mwenyewe kwa kutazama mara moja. Nyuma ya kabati nilikuwa nimesimama mimi.

Alvah alipofika mezani alikanyaga sakafu, kama alivyofanya maisha yake yote. Sakafu ilikuwa inatetemeka, kwa sababu pampu ya maji hainyamazi, valvu iwe wazi au imefungwa. Nilimwona akikanyaga tena kwa mguu mwingine. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshuka ngazi gizani akakosa kidato. Nyayo zake hazikumwambia kitu. Basi akainua macho akanitazama, akauliza kwa midomo, imelala? Nadhani sikuwahi kumwona akimuuliza mtu jambo hilo. Nilifunga valvu. Nikanyoosha kiganja. Ilikuwa imelala kweli, wakati ule.

Mpango ulikuwa, akiinama, nifungue kidogo tu, uzi upige ukingo wa keki, krimu imrukie usoni. Hobart alijua, na wawili wengine walijua, ndiyo maana walikuwa wameanza kucheka mapema. Nilitaka aruke. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiruka, na vidole vyake vyote kumi, na chupa yake ya kahawa, na ule utulivu. Nilitaka siku ya mwisho aruke mara moja kama sisi wengine.

Na nitakwambia ambalo sijamwambia Maxine. Aliinama, akaangalia mkato, na mkono wake wa kulia ukaanza kutoka ubavuni. Nilijua unakwenda wapi. Mimi nimekuwa fundi wa msumeno, hivi viwili vyangu vilikwenda kwa njia hiyo hiyo. Nilijua atapangusa. Sisemi nilitaka apanguse. Nasema nilijua, na kiganja changu cha kushoto kilikuwa bado kimenyooka mbele yake, na cha kulia kikafungua.

Krimu iliruka, lakini ilinirukia mimi, ikanijaa masharubuni. Nilipitisha ulimi. Ilikuwa tamu, na nikacheka pamoja na wengine kabla sijatazama mkono wake. Jumapili nilimwambia Maxine anyoe kwa sababu bado nilisikia harufu ya vanila kila nikivuta pumzi.

Bwana Pruett alipouliza nani alifungua, nilisikia sauti yangu ikisema mzee mwenyewe. Wengine wakatikisa vichwa. Nilijiahidi kwenda kwake Jumatatu nikaseme kweli. Jumatatu zimepita kadhaa, na kila moja nimevaa shati safi. Kesho kutwa ni nyingine. Nikishindwa tena, barua hii itakuwa iko njiani kuja kwenu, na sitakuwa na pa kujificha, ndiyo maana naipeleka posta leo hii kabla Maxine hajaniita kula.

Mpe Russell aisome. Usimlainishie. Akija, aje kwanza kwangu kabla ya kwenda kwa wakala wa nyumba. Nitakuwa nyumbani, na sitafunga mlango. Atakachotaka kunifanyia, mimi nitakaa kimya, jambo ambalo unajua halijawahi kutokea.

Maxine anawasalimu sana, na anakutumia makopo mawili ya nyanya kwa posta, yapokee hata kama yamevuja. Msalimie mpiga tarumbeta wetu. Jihadharini na baridi, na wewe usisahau ile dawa yako ya shinikizo.

Mzee Alvah mtampigia simu kabla sijapata ujasiri wa kuvuka daraja kwenda kwake. Masikio yake unayajua, hasikii maneno mengi kwenye simu, kwa hiyo usimsomee barua yote. Mwambie mawili tu, kwa sauti kubwa, na urudie mpaka ajibu. Mwambie aliuliza, na kiganja alikiona. Na mwambie masharubu nilikuwa nayo.

Ni mimi kaka yako,
Orrin Gaddis